Kaboni Iliyo Chini ya Sufuria: Chakula cha Kila Siku, Afya na Mabadiliko ya Tabianchi

Kilo moja ya maharage inayonunuliwa sokoni jijini Dar es Salaam huenda imesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Kwa macho ya kawaida, safari hiyo ndefu ya lori ndiyo ingeonekana kuwa chanzo kikuu cha uchafuzi wa hewa unaotokana na chakula hicho. Hesabu inaonyesha vingine. Lori lililobeba tani 30 na linalotumia lita 40 za dizeli kwa kila kilomita 100 huunguza takribani lita 340 katika safari nzima, na kila lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za kabonidayoksaidi. Mzigo huo ukigawanywa kwa kilo zote zilizobebwa, kila kilo ya maharage huangukiwa na gramu 30 tu. Hata lori likirudi Mbeya tupu, fungu hilo halizidi sana gramu 60.

Maharage hayo yakifika nyumbani huwekwa katika jiko la mkaa kwa saa mbili au tatu. Iwapo kilo moja ya mkaa itaungua hadi yaive, kabonidayoksaidi inayotoka jikoni peke yake hukaribia kilo 3, yaani zaidi ya mara 40 ya ile iliyotolewa njiani. Hapo bado hazijahesabiwa gesi zilizotoka porini wakati miti ilipogeuzwa kuwa mkaa. Kwa maneno mengine, kaboni nyingi ya sufuria hiyo haikuletwa na lori. Imo chini ya sufuria yenyewe.

Mfano huu una uzito kwa sababu ushauri mwingi kuhusu chakula na tabianchi umeandikwa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa walaji wanaokula nyama karibu kila siku na kupika kwa gesi au umeme. Ushauri huo umejengwa juu ya ushahidi wa kisayansi, lakini ukihamishiwa Tanzania bila kupimwa unaweza kupotosha kwa namna mbili: kuifumbia macho kaboni ya moto wa kupikia, na kumnyima chakula bora mtu ambaye tayari anakula kidogo. Makala haya yanaeleza kaboni ya chakula inatoka wapi, ni uchaguzi upi wa kila siku unaoipunguza kwa kiasi kikubwa, na ni nani asiyepaswa kuombwa apunguze.

Maana ya unyayo wa kaboni

Unyayo wa kaboni wa chakula ni jumla ya gesijoto zote zinazotolewa tangu shamba linapoandaliwa hadi mabaki yanapotupwa. Gesi tatu ndizo zenye mchango mkubwa. Ya kwanza ni kabonidayoksaidi, inayotokana na kuchoma mafuta, makaa ya mawe, gesi asilia na kuni, pamoja na kufyeka misitu. Ya pili ni methani, inayotoka katika matumbo ya wanyama wanaocheua, katika majaruba ya mpunga na katika madampo. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto takribani mara 27 ya kilo moja ya kabonidayoksaidi. Ya tatu ni naitrasi oksaidi, inayotoka katika udongo uliowekwa mbolea ya naitrojeni na katika samadi. Nguvu yake ni takribani mara 273 ya kabonidayoksaidi. Ili gesi hizi ziweze kujumlishwa, wataalamu huzibadilisha zote kuwa uzito wa kabonidayoksaidi wenye athari sawa.

Mojawapo ya tafiti kubwa katika eneo hili ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science na Joseph Poore wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Thomas Nemecek wa taasisi ya Agroscope ya Uswisi. Watafiti hao walikusanya takwimu za mashamba takribani 38,700 katika nchi 119. Walikadiria kwamba chakula husababisha asilimia 26 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Usafirishaji ulichukua takribani asilimia 6 tu ya gesi za chakula. Sehemu kubwa ilitoka shambani, kwa mifugo na katika mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Jambo moja katika utafiti huo linahitaji kuangaliwa kwa makini na msomaji wa Afrika Mashariki: hesabu yake iliishia dukani. Moto wa jikoni haukuhesabiwa.

Kwa sababu hiyo, kaya ya Kitanzania inayotaka kujua unyayo wake wa kaboni inapaswa kutazama mambo matatu: kilicho ndani ya sahani, moto uliokipika, na kile kilichoishia kwenye ndoo ya taka.

Kilicho ndani ya sahani

Tofauti kati ya vyakula ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa wastani wa dunia, kupata gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama hutoa gesijoto zenye uzito wa kilo 50 hivi. Nyama ya kondoo na mbuzi hutoa takribani kilo 20, kuku kilo 5.7, mayai kilo 4.2, karanga kilo 1.2, na jamii ya kunde kama maharage na dengu chini ya kilo moja. Hivyo basi, protini ya maharage hubeba chini ya sehemu moja ya hamsini ya gesijoto zinazobebwa na protini ya ng'ombe.

Sababu yake ni ya kibiolojia. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na katika chumba kikubwa vijidudu huchachusha nyasi na kutoa methani, ambayo mnyama huitoa kwa kucheua na kubeua. Hukua polepole, hivyo hutoa gesi hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kufikia uzito wa kuchinjwa. Kuku hana tumbo la aina hiyo na hukua kwa muda mfupi. Maharage, kunde, choroko na mbaazi nazo hushirikiana na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi, ambao hunasa naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi. Mkulima wa Babati anayechanganya mahindi na mbaazi hupunguza hitaji la mbolea ya viwandani, ambayo utengenezaji wake hutumia nishati nyingi na matumizi yake hutoa naitrasi oksaidi.

Takwimu hizi ni wastani wa dunia, na wastani huficha mengi. Ng'ombe aliyelishwa nafaka katika eneo lililofyekwa msitu halingani na ng'ombe wa mfugaji wa Simanjiro anayekula nyasi katika ardhi kame isiyoweza kustawisha mahindi. Kwa mfugaji huyo, mnyama ni chakula, akiba, mahari na bima ya mwaka wa ukame. Hata hivyo, methani ya mnyama anayekua polepole haipungui kwa sababu tu anaishi kwa nyasi. Mwelekeo unaoleta nafuu ni kuboresha malisho na tiba ya mifugo ili idadi ndogo ya wanyama itoe maziwa na nyama zaidi. Kazi hiyo ni ya sera ya mifugo, na kumtaka mfugaji aache mila yake ya kula si njia ya kuifanya.

Kwa mkazi wa mjini mwenye kipato cha kutosha, hali ni nyingine. Kula nyama choma mara nyingi kwa wiki, pamoja na soseji za asubuhi, kuna madhara yanayofahamika vizuri hospitalini. Mwaka 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo yumkini husababisha. Ilikadiriwa kuwa kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takribani asilimia 18. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri mlaji wa nyama nyekundu asizidishe gramu 350 hadi 500 kwa wiki, zikipimwa baada ya kupikwa. Mtu anayekula robo kilo katika kikao kimoja cha jioni hufikia kiwango hicho kwa vikao viwili.

Kubadilisha milo kadhaa ya nyama ya ng'ombe kwa maharage, choroko, mbaazi za nazi, kuku au dagaa hupunguza gesijoto na hupunguza pia mafuta yanayoongeza lehemu katika damu. Nyuzinyuzi za jamii ya kunde husaidia kushusha lehemu na hufanya sukari iingie katika damu polepole, faida inayomhusu moja kwa moja mgonjwa wa kisukari. Dagaa wanastahili kutajwa peke yao. Huvuliwa karibu na mlaji, hukaushwa kwa jua, na huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo huleta protini, madini ya chokaa, chuma na vitamini B12 kwa gharama ndogo ya kaboni. Kasoro yao iko katika uanikaji: wanaoanikwa mchangani au kunyeshewa mvua huharibika, na kazi yote ya mvuvi hupotea.

Kuhusu wanga, tofauti ipo lakini ni ndogo kuliko ile ya nyama. Mpunga unaolimwa katika jaruba lililofurika maji kwa miezi hutoa methani kwa sababu udongo hukosa oksijeni. Kwa wastani, kilo ya mchele hubeba zaidi ya mara mbili ya gesijoto za kilo ya mahindi. Kubadilishana wali na ugali, viazi vitamu, mihogo au ndizi ni hatua nzuri, na huongeza aina za vyakula mezani. Mkulima naye anayefuata kilimo shadidi cha mpunga, ambapo jaruba huachwa likauke kwa vipindi, hupunguza methani na kuokoa maji kwa wakati mmoja.

Nani asiombwe kupunguza

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Kwa watoto hawa, tatizo si wingi wa nyama katika sahani. Ni sahani iliyojaa uji au ugali mtupu.

Chakula cha asili ya wanyama kina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, zinki, na vitamini B12 ambayo kwa asili haipatikani katika mimea. Mtoto anayeanza kulikizwa ana tumbo dogo na mahitaji makubwa. Yai moja, kijiko cha dagaa waliosagwa, maziwa au kipande kidogo cha nyama kinaweza kumpa kile ambacho bakuli mbili za uji wa mahindi haziwezi. Mjamzito, mama anayenyonyesha, msichana aliye katika balehe na mgonjwa anayerejesha nguvu nao wako katika kundi hili. Daktari au mhudumu wa afya anayewashauri watu hawa wapunguze chakula cha wanyama kwa ajili ya tabianchi atakuwa amekosea mgonjwa na amekosea hesabu.

Amekosea hesabu kwa sababu mchango wa Mtanzania wa kawaida ni mdogo mno. Kabonidayoksaidi itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe haifikii nusu tani kwa Mtanzania mmoja kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unazidi tani 4 na Mmarekani hufikia takribani tani 14. Haki inataka anayekula kupita kiasi aanze kupunguza, ili asiyepata cha kutosha aweze kuongeza.

Pale ambapo nyama na mayai hayapatikani kila siku, chuma kilichomo katika maharage na mboga za majani kinaweza kufyonzwa vizuri zaidi kwa mbinu za jikoni. Ndimu, chungwa, embe au nyanya mbichi katika mlo huleta vitamini C inayosaidia ufyonzaji huo. Chai na kahawa huuzuia, hivyo ni vyema zinywewe saa moja au zaidi kabla au baada ya mlo wala si pamoja nao. Kuloweka maharage, kuotesha nafaka kuwa kimea na kuchachusha uji hupunguza viambata vinavyoshikilia madini.

Moto unaopika

Matanuri ya kienyeji ya kuchomea mkaa hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti. Kilo moja ya mkaa hutumia kati ya kilo 5 na 10 za kuni, kutegemea ujuzi wa mchomaji na unyevu wa mti. Katika tanuri hilo lenye hewa kidogo, kuni haziungui kikamilifu, hivyo hutoa pia methani na monoksaidi ya kaboni. Ni kweli kwamba mti ukipandwa na kukua tena hufyonza kabonidayoksaidi iliyotolewa. Lakini misitu inayokatwa kwa ajili ya miji mara nyingi hukatwa kwa kasi kuliko inavyoota, na kaboni isiyorudi ardhini hubaki angani.

Madhara kwa mwili wa mpishi huja mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Chembe ndogo za moshi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Huchangia nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huchangia ugonjwa wa moyo, kiharusi, ugonjwa sugu wa mapafu na saratani ya mapafu. Mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni, na hilo huwafanya wengi waamini kuwa ni salama. Monoksaidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi linaweza kuua familia nzima usingizini.

Hatua ya kwanza ya kupunguza moto haihitaji kifaa kipya. Maharage makavu yakilowekwa kwa saa 8 hadi 12, maji yake yakamwagwa na yakapikwa kwa maji mapya, huiva kwa muda mfupi zaidi na hupunguza gesi tumboni. Kufunika sufuria, kupunguza moto maji yakishachemka, na kupika maharage ya siku mbili kwa mara moja pale penye jokofu ni mbinu zinazojulikana na kila mpishi, ila mara nyingi hazitumiki. Wapo wanaotia magadi ili maharage yalainike upesi. Magadi hupunguza muda, lakini huharibu vitamini B1 na huongeza sodiamu, jambo lisilomfaa mwenye shinikizo la juu la damu. Aidha, maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10, kwa sababu yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo.

Hatua ya pili ni chombo. Jiko banifu lililotengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa kazi ileile. Presha kuka hupandisha joto la maji hadi zaidi ya nyuzi 110 za selsiasi, na maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya dakika 30 hadi 45. Ile ya umeme, kwa kuwa huhifadhi joto lake, kwa kawaida haizidi uniti moja ya umeme kwa sufuria ya maharage. Hata kama umeme wote wa uniti hiyo ungezalishwa kwa gesi asilia, kabonidayoksaidi yake isingefikia kilo moja. Na sasa sehemu kubwa ya umeme wa Tanzania inatokana na maji, hasa baada ya kukamilika kwa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Gesi ya mitungi iko katikati. Ni zao la mafuta, na kilo yake moja hutoa takribani kilo 3 za kabonidayoksaidi. Hata hivyo, joto linaloifikia sufuria kutoka kilo hiyo moja hulingana na lile la kilo 3 hadi 4 za mkaa katika jiko la kawaida. Mkaa huo hutoa kilo 9 au zaidi jikoni peke yake. Kwa mapafu ya mpishi, tofauti ni kubwa zaidi.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kikwazo kinachobaki ni fedha ya mara moja. Kaya inayonunua mkaa wa kupima kwa kopo kila siku inaweza kuwa inalipa zaidi kwa mwezi kuliko yenye mtungi au umeme, lakini haina wakati wowote ambapo ina fedha za kununua chombo. Vikundi vya kuweka na kukopa, waajiri na wauzaji wanaokubali malipo ya kidogo kidogo wanaweza kuziba pengo hilo. Mahubiri peke yake hayataliziba.

Kilichoishia kwenye ndoo ya taka

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takribani asilimia 60 kati ya hizo zilitoka majumbani. Chakula kinachopotea na kutupwa huchangia asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto za dunia. Chakula kilichotupwa hubeba kaboni yote ya shamba, ya njia na ya moto, kisha huongeza methani kinapooza dampo.

Kiporo ni mila nzuri kwa mazingira, lakini kina masharti yake ya kiafya. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kigawanywe katika vyombo vidogo ili kipoe upesi, kiwekwe katika jokofu, na kipashwe moto hadi kitoe mvuke kote kabla ya kuliwa. Wali unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mbegu za bakteria fulani hustahimili kupikwa na huzaa sumu wali unapoachwa mezani usiku kucha. Kaya isiyo na jokofu inafanya vyema kupima chakula kabla ya kukipika kuliko kutegemea kiporo.

Upo pia upotevu usioonekana mjini. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, hivyo nafaka yenye ukungu haipaswi kuokolewa kwa kisingizio cha kutotupa chakula. Kinga iko mwanzoni: kukausha juu ya turubai, kuchambua mbovu, na kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana na wengi kama mifuko ya kinga njaa.

Kila kaya na hesabu yake

Hakuna orodha moja inayofaa nyumba zote. Kaya inayopika kwa mkaa na kula nyama mara chache haina sababu ya kugusa nyama hiyo. Faida yake kubwa iko katika kuloweka, kufunika sufuria na, fedha ikipatikana, kubadilisha jiko. Kaya yenye gesi au umeme, inayokula nyama ya ng'ombe karibu kila siku, itapata faida kubwa zaidi kwa kuweka maharage, kuku au dagaa mahali pa nyama kwa siku kadhaa za wiki. Kaya yenye mtoto mdogo au mjamzito ihakikishe kwanza kwamba yai, maziwa au dagaa vinamfikia yeye kabla ya wengine wote, hata kama baba mwenye nyumba atapunguziwa mnofu wake.

Mahali hesabu hizi tatu zinapokutana ni penye matokeo yaleyale ya afya. Mlo wenye maharage zaidi kwa mtu mzima hulinda moyo na utumbo wake. Moto safi hulinda mapafu ya mpishi na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Chakula kisichotupwa hubakiza fedha za kununulia yai. Ni mara chache tabianchi na kliniki huomba kitu kimoja, lakini jikoni huomba kitu kimoja karibu kila siku.

Maharage yaliyosafiri kutoka Mbeya hayana kosa. Yakilowekwa leo usiku, kesho yatakaa motoni kwa muda mfupi zaidi, na mkaa uliobaki utapika mlo mwingine.